Mchoreeni Mfa Maji Boti Yake

Hotuba kwa wanafunzi wa usanifu wa vyombo vya majini na mabaharia waliokuja kusikiliza. Nimeiweka nzima, kama nilivyoisema, kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha sikuwa nazo. Nilikuwa na kulabu moja ya chuma mezani, na yaliyotokea pale nimeyaeleza kwa maneno.

Ndugu walimu, ndugu mabaharia, wanafunzi wangu, hamjambo?

Kabla sijasema lolote, nani atanisaidia kunyanyua hiki? Kijana wa mbele, njoo. Na wewe dada, shika upande wa pili. Taratibu, msijivunje vidole. Asanteni. Mmeona wenyewe, ni chuma cha kubebwa na watu wawili. Hii ni kulabu ya boti ya uokoaji. Boti moja huwa nazo mbili, moja omo, yaani mbele, na moja tezi, yaani nyuma. Nitairudia, maana kusema kweli nimekuja hapa kwa ajili yake. Kwa sasa ikae hapo ituangalie.

Nimeombwa nizungumze juu ya boti ya uokoaji iliyofunikwa, ile ya rangi ya machungwa mnayoiona imening'inia ubavuni mwa meli za mizigo. Najua mkiambiwa muichore mnaanzia wapi. Mnaanza na ganda. Mnachora ganda zuri, lina mgongo wa mviringo, lina vidirisha, mnalitia rangi, mnakwenda kula. Jamani, ganda ndiyo sehemu nyepesi. Ganda lilishapatikana kabla babu yangu hajaposa.

Mwaka 1904 baharia mmoja wa Norwei, Ole Brude, alitengeneza boti ya chuma yenye umbo la yai, urefu wake kama mita 5 na nusu. Aliiita Uræd, yaani asiyeogopa. Watu walimcheka, nanyi mngemcheka: yai lenye mlingoti! Mwezi wa Agosti akaingia ndani na wenzake watatu, wakatoka bandari ya Ålesund kwenda Marekani, kulionyesha yai lao kwenye maonyesho makubwa ya St. Louis. Bahari ya Atlantiki ikawafanyia kila iwezalo kumfanyia mtu. Wakafika Gloucester, Massachusetts, Januari 1905, katikati ya baridi kali, wote wanne wazima. Maonyesho yalikuwa yameshafungwa.

Miezi mitano ndani ya yai! Na mwaka 1912, Titanic ilipozama, watu waliketi ndani ya nini? Mashua wazi. Boti 20, nafasi 1,178, na melini mlikuwa na watu zaidi ya 2,200. Dunia ikashtuka, ikakaa kikao, mwaka 1914 ukaandikwa mkataba wa kwanza wa usalama wa maisha baharini, huu tunaouita SOLAS. Walihesabu viti wakasema viti havitoshi, na walisema kweli. Paa hakuna aliyelishikilia. Meli mpya za mizigo zililazimishwa kuwa na boti zilizofunikwa kabisa kwa marekebisho ya mwaka 1983, yaliyoanza kutumika Julai 1986. Kutoka yai la Brude hadi sheria hiyo ni miaka 82. Sina maelezo ya heshima ya kuwapa kuhusu uzembe huo, kwa hiyo naupita.

Basi kama ganda limepatikana, nyinyi mnasanifu nini?

Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa. Huyo ndiye mteja wenu. Si yule wa kwenye vitabu vya mafunzo, amesimama wima, fulana imenyooshwa, anatabasamu na boya kifuani. Mteja wenu ameamshwa saa nane usiku, meli imelala upande, taa zimezimika, mikono inamtetemeka, na pengine hasomi lugha iliyoandikwa kwenye mlango wa boti yenu. Sheria inataka ashushwe salama hata meli ikiwa imeinama nyuzi 20 upande mmoja. Mmewahi kutembea kwenye sakafu iliyoinama nyuzi 20? Jaribuni, kisha mrudi kwenye karatasi zenu.

Nisikilizeni vizuri hapa. Boti hizi ni nadra kufa katikati ya ganda. Zinakufa kwenye maungio: pale boti inapoachana na meli, pale mwili wa mtu unapogusana na kiti, pale boti inapokutana na aliyekuja kuokoa. Chukua ripoti yoyote ya ajali, soma mpaka mwisho, utaliona ungio lake.

Tuanze na hili la mezani.

Jioni ya tarehe 27 Machi 1980, Bahari ya Kaskazini, upepo mkali na mawimbi marefu. Jukwaa la kulala wafanyakazi wa mafuta, Alexander L. Kielland, lilikuwa na watu 212. Nguzo moja ya mguu ilikatika kwa ufa uliokuwa ukikua kimyakimya, mguu ukang'oka, jukwaa likalala upande. Halikumaliza nusu saa kabla ya kupinduka kabisa. Lilikuwa na boti saba za kufunikwa, kila moja ya watu 50. Piga hesabu: nafasi 350 kwa watu 212. Viti vilitosha na kubaki!

Wakafa 123.

Kwa nini? Walifanikiwa kushusha boti nne. Boti zikagusa maji, na kulabu zikagoma kufunguka. Zilikuwa zimeundwa zisifunguke waya ukiwa umekaza, ili mtu asije akaifungua boti ingali hewani. Wazo zuri, sivyo? Mezani ni zuri sana. Lakini kwenye mawimbi waya unalegea kufumba na kufumbua kisha unakaza tena, boti inanyanyuliwa na kupigizwa kwenye nguzo za jukwaa, na watu wamo ndani. Katika zile nne, ni moja tu iliyoweza kujinasua. Boti ya tano ilikuja kuibukia majini kichwa chini, waliokuwa ndani wakaigeuza, wakaokota na wenzao.

Kwa hiyo dunia ikasema: kulabu lazima ifunguke hata waya ukiwa umekaza. Ikaandikwa hivyo kwenye yale marekebisho ya 1983. Na sasa naomba walio nyuma msogee karibu.

Huu ni mdomo wa kulabu, hapa ndipo inapokaa pete ya waya. Kulabu inazunguka kwenye pini hii. Uzito wa boti ukiivuta, inataka kufunguka. Kinachoizuia ni huu mkia wake, umegota kwenye hiki kidude cha mviringo kilichokatwa upande mmoja kama mwezi nusu. Mafundi wanakiita kamu. Kamu ikikaa hivi, mkia hauna pa kwenda. Nikiizungusha hivi, lile pengo linaupisha mkia...

(Hapa kulabu ilifunguka, ikalia kama nyundo kwenye reli. Safu ya kwanza wakaruka.)

Mmeruka, na hamkuwa mmening'inia mita 15 juu ya maji. Sasa naifunga tena. Imefungwa?

(Ukumbi: Imefungwa!)

Mna hakika?

(Ukumbi: Ndiyo!)

Dada uliyeibeba, njoo utie kidole hapa chini. Umegusa nini? Waambie kwa sauti.

(Akasema: "Mkia umeshika ukingoni tu.")

Umeshika ukingoni tu. Kamu haikurudi mpaka mwisho, imebakiza unene wa ukucha. Kwa macho imefungwa. Ukumbi mzima mmeapa imefungwa! Mtakaa ndani, mtapandishwa, waya utatikisika kidogo, na mkia utateleza. Kulabu ya nyuma inafunguka, ya mbele inabaki, boti inasimama wima kama samaki kwenye ndoana, na kilichomo ndani kinamwagika chini.

Hivyo ndivyo mabaharia walivyoanza kufa kwenye mazoezi. Kwenye mazoezi, bahari shwari, mchana kweupe! Wachunguzi wa ajali za baharini wa Uingereza walipitia rekodi zao za miaka kumi, wakatoa ripoti mwaka 2001: vifo 12 na majeruhi 87 vilivyotokana na boti za uokoaji na mitambo ya kuzishushia. Mabaharia wazoefu wakawa wanaiogopa boti kuliko moto. Niwaulize mabaharia mliomo humu, nani hajawahi kuingia kwenye boti ya mazoezi huku anasoma dua? Naona hakuna mkono.

Mimi mwenyewe niliponea. Nilikuwa kijana, mkaguzi msaidizi, kwenye meli ambayo sitaitaja. Boti ilikuwa imetoka majini, imerudishiwa kulabu, watu sita ndani wakisubiri kupandishwa. Bosi wangu, mzee mmoja mkorofi mkorofi hivi, akawaamuru wote watoke, boti ipande tupu. Walinung'unika, nami nilinung'unika, jua lilikuwa kali. Boti ikapanda kama mita 4, tukasikia mlio kama huu mliousikia, tezi ikaanguka. Mzee hakusema kitu. Alinivuta mkono hadi kwenye mkono wa kufungulia, pale anapokaa mshika usukani, akanionyesha: ulikuwa umerudi mahali pake sawasawa, na pini yake ya usalama imeingia. Waya mwembamba wa kutoka pale hadi kwenye kamu ya nyuma ulikuwa umeshikwa na kutu ndani ya ala yake. Mkono ulisema kweli upande wake, na kulabu ikasema kweli upande wake, ila hawakuwa wakizungumza.

Nani mkosaji hapo? Ripoti nyingi ziliandika kosa la binadamu. Mimi nasema msanifu aliyechora kulabu inayoweza kuonekana imefungwa na haijafungwa ndiye aliyeanza kukosea. Mtu amelowa, ana glavu, amening'inia nje ya mlango akichungulia alama ya rangi kwenye kidude kilichojaa grisi. Unamtegemea huyo?

Nashukuru Shirika la Kimataifa la Bahari nalo lilifika hapo mwishowe. Kulabu za zamani zikapimwa upya, zilizoshindwa zikaamriwa kubadilishwa, na Julai 1, 2019 ikawa siku ya mwisho. Kulabu za sasa zinatakiwa ziundwe ili uzito wa boti usiweze kuizungusha kamu. Na kuna kizuizi kinachosukumwa na shinikizo la maji chini ya boti: boti isipokuwa majini, mkono hauvutiki, mpaka ufanye kwa makusudi jambo la ziada, kama kuvunja kioo. Hapo wamekutana wote wawili, marehemu wa 1980 na marehemu wa mazoezi. Kila mmoja ameandika nusu ya kanuni hiyo.

Lakini msidhani kulabu ikipona mambo yamekwisha, kuna waya wenyewe. Februari 2013, bandarini La Palma, Hispania, boti ya meli ya abiria Thomson Majesty ilikuwa ikirudishwa juu baada ya mazoezi, waya ukakatika, wakafa watano. Ulikuwa umeliwa na kutu pale juu unapopita kwenye kapi, mahali ambapo mtu wa grisi hafikii kwa urahisi. Ukichora kitu cha kutiwa grisi, chora na mahali pa kusimama mtia grisi.

Wengine wakasema bora tuachane na waya. Iwekwe boti kwenye reli iliyoinama huko tezi, watu wajifunge, kifungio kimoja kifunguliwe, iruke yenyewe. Meli mpya za mizigo ya kumwaga, kama nafaka na makaa ya mawe, zinalazimika kuwa nayo tangu Julai 2006. Naipenda, siwafichi. Inatoka dakika hiyo hiyo, inazama kidogo, inaibuka mbele ikikimbia kutoka kwa meli hata injini haijawaka. Ila ikianguka kutoka mita 20 inagonga maji kwa mwendo wa kama kilomita 70 kwa saa, ndiyo maana mnakaa mmeupa mgongo uelekeo wa safari, kichwa kimeegemea. Na mwaka 2005 huko Norwei, jaribio la kuidondosha boti ya jukwaa la Veslefrikk B lilionyesha paa likibonyea kwa kishindo cha maji. Kumbe hata ganda, ambalo nimewaambia ni jepesi, linaweza kukuumbua. Haya, nimejipinga mwenyewe, tuendelee.

Kiti. Kanuni inampa kila mtu upana wa milimita 430. Pimeni, haifiki shibiri mbili. Sasa mvisheni boya, mvisheni suti ya kuzuia baridi, mkalisheni katikati ya wanaume wawili wa chumba cha injini. Uzito wa kukadiria ulikuwa kilo 75 kwa mtu, na kwa boti za meli za mizigo ukaongezwa kuwa 82.5, maana mabaharia wamenenepa na karatasi ilikuwa haijanenepa. Niliwahi kukaa kwenye jaribio la namna hiyo. Ilibidi watatu wote tutoe pumzi ndipo mkanda wa wa nne ufunge.

Na huo mkanda si pambo. Boti ya kufunikwa ikipinduliwa na wimbi inajirudisha yenyewe, huo ndio ufundi wake mkubwa: injini na uzito chini, ganda jepesi lililojaa hewa juu, kwa hiyo kichwa chini haitulii. Ajabu hiyo ina sharti moja, kila mtu awe amefungwa kitini. Watu 50 kwa kilo 82.5 ni kilo 4,125. Wasipojifunga, boti ikilala kichwa chini tani 4 na ushei zinaporomokea kwenye dari, na dari ndiyo sasa iko chini. Mmeshaipa mkuku mpya, ule uzito wa chini unaokituliza chombo, upande usiofaa. Haitarudi. Kwa hiyo mkanda ni sehemu ya uthabiti wa chombo kama ulivyo mkuku wenyewe, na fundi wake ni mfa maji anayetetemeka. Mnamchorea kifungo gani? Kidogo cha kupendeza, au kikubwa cha kushikwa na glavu gizani?

Kwenye meli za mafuta kuna jingine la kutisha, moto juu ya maji. Boti inajimwagia maji juu ya ganda lote na inatakiwa kuhimili kuzungukwa na moto kwa dakika 8 au zaidi. Mitungi ya hewa inatosha watu na injini kwa dakika 10, na shinikizo la ndani lisishuke chini ya la nje, ili moshi usipate upenyo. Hilo lina vitabu vyake.

Mimi kinachonisumbua ni siku ya pili. Moto umepita, boti inaelea, mmefunga milango, sasa mnaishi humo. Aprili 2009, maharamia wanne walimchukua nahodha Richard Phillips wa meli Maersk Alabama wakaingia naye kwenye boti ya uokoaji ya kufunikwa, nje ya pwani ya Somalia. Walikaa humo siku kadhaa, na joto lilikuwa la tanuri. Watu watano tu kwenye boti iliyotengenezwa kwa wengi! Fikiria imejaa. Wote wametapika, kwa kuwa boti hii haina mkuku mrefu wa kuituliza, inabingirika kama nazi. Dawa ya kichefuchefu ya saa 48 na mfuko wa kutapikia kwa kila mtu vimo kwenye orodha ya lazima, na wenye kujua huimeza kabla hata boti haijashuka. Kila tapishi ni maji yanayotoka mwilini, na umewekewa lita 3 tu. Ukifungua mlango upate hewa, wimbi linaingia. Ukifunga, mnavuta pumzi za wenzenu. Miaka mingi tulipima boti kwa kuzigonga, kuzidondosha na kuzichoma, na swali la watu watavuta nini humo likangoja hadi 2023, ilipopitishwa kanuni ya kuingiza hewa mita za ujazo 5 kwa saa kwa kila mtu.

Ungio la mwisho ndilo linaloniuma zaidi.

Februari 15, 1982, jukwaa la kuchimba mafuta Ocean Ranger lilizama kwenye dhoruba nje ya Newfoundland, Kanada. Watu 84. Boti moja ilitoka. Ilishuka, ikaachana na waya, injini ikawaka, ikaendeshwa usiku kwenye mawimbi yale hadi ikaifikia meli ya msaada, Seaforth Highlander. Kila nilicholalamikia asubuhi hii walikishinda. Boti ikasogea ubavuni, kamba zikarushwa, watu wakafungua mlango wakatoka nje kusimama upande ulioelekea meli. Wewe usingetoka? Meli ile pale, taa zile pale, mkono ule pale. Mikanda imefunguliwa, uzito wote umehamia upande mmoja na juu. Boti ikapinduka. Maji yalikuwa karibu kuganda. Hakupona hata mmoja wa 84.

Nimeangalia michoro mingi ya boti. Mlango wa kuingilia huwa umefikiriwa vizuri, kuna vipimo, kuna dakika 3 za kujaza boti ya meli ya mizigo. Nionyesheni mchoro unaoonyesha mtu wa 40 anavyotoka, na yule wa 39 ameketi wapi wakati huo. Mimi naomba mwaka huu mmoja wenu aniletee huo.

Nimeongea sana. Boti yetu ya mazoezi iko uani, imeandikwa watu 25. Tutaingia 25 kamili, maboya mwilini, mikanda, milango tufunge, injini iwake. Dakika 20. Mwenye pumu abaki nje ashike saa. Nataka mtoke mkiwa mmelowa jasho, ndipo mkachore.

Kijana, dada, njooni mrudishe kulabu stoo. Na kabla hamjainyanyua, tieni kidole chini mnieleze kamu imefika wapi.